Maswali yenu: Waitaliano walihama kwa nini?

Wiki iliyopita niligusia Waitaliano waliohama baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Maswali yamekuja, haya hapa machache.

Kwani kusini mwa Italia hakukuwa na mashamba?

Yalikuwepo, ila wenye nayo walikuwa wachache. Kule Calabria, Puglia na Sicilia, kibarua alidamka akasimama uwanjani kijijini kungoja msimamizi amchague. Asipochaguliwa, siku hiyo ndiyo imekwenda. Mwaka 1950 serikali ilianza kugawa baadhi ya mashamba makubwa, lakini wengi waliambulia vipande vidogo vya ardhi kavu. Huku nyuma viwanda vya kaskazini, kule Milano, Torino na Genova, vinatafuta watu.

Kuhama ndani ya nchi yako kuna ugumu gani?

Hapa ndipo panaponiuma. Sheria ya 1939, ya enzi za dikteta Mussolini, ilimtaka anayehamia mjini awe na kazi kwanza. Ukiomba kazi, unaulizwa hati ya ukaazi. Ukiomba hati, unaulizwa kazi iko wapi. Ilifutwa 1961 tu! Kwa hiyo watu waliishi mjini bila karatasi katika nchi yao wenyewe, na mwajiri aliyelijua hilo aliwalipa alivyotaka. Walishuka Torino na masanduku ya kadibodi yaliyofungwa kwa kamba, wakakuta tangazo mlangoni: watu wa kusini hatuwapangishi. Hata hivyo walizidi kuja. Mji wa watu 700,000 hivi mwaka 1951 ulikuwa umevuka milioni 1.1 ilipofika 1971.

Ni kweli serikali iliuza watu kwa makaa ya mawe?

"Kuuza" ni neno kali, nami silipingi. Mwaka 1946 Italia ilikubaliana na Ubelgiji ipeleke wafanyakazi 50,000 migodini, nayo iuziwe makaa. Wengi walilazwa kwenye mabanda yaliyowahi kuwa ya wafungwa wa vita. Tarehe 8 Agosti 1956 moto ulizuka mgodini Marcinelle, huko Ubelgiji. Walikufa watu 262, na 136 kati yao ni Waitaliano.

Pesa walizotuma zilisaidia?

Sana. Zililipa deni la dukani, zikaezeka nyumba, zikasomesha watoto.

Na siku hizi?

Bado wanahama, safari hii wengi wana shahada. Wa kusini huenda Milano, wengine Ujerumani, maana nyumbani mikataba ni ya miezi michache na mshahara haufiki kodi ya nyumba. Katika vijiji vingi vya Calabria wamebaki wazee, na shule zinafungwa kwa kukosa watoto.