Mchumba na hasimu wake katika meli moja

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mchumba wangu na kijana aliyewahi kunichumbia hapa Moshi ni mabaharia wa meli moja ya mizigo, na hawasemezani. Je, dhoruba ikiwakuta, chuki hiyo haitamponza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkataba wa kimataifa wa 1974 wa usalama wa maisha baharini unataka kila baharia apangiwe mapema kazi yake ya dharura na kufanya mazoezi ya kuihama meli kila mwezi, ili king'ora kikitoa milio mifupi saba au zaidi na mmoja mrefu, kila mmoja aende alipopangiwa, ampende mwenzake au amchukie. Ninachokihofia zaidi ni kazi za kila siku, kama kufunga mizigo, ambako kunyimana taarifa huua. Mchumba wako amweleze nahodha sasa. Nawe, tafadhali, acha kujibu ujumbe wa yule mwingine.