Alipokaa dawati la nyuma

Mmeuliza wiki hii kama walimu wakuu wanawasaidia walimu vya kutosha kufundisha kwa mtaala wa umahiri, yaani ule unaomtaka mwanafunzi atende na aoneshe anachoweza, si kukariri tu. Nilitaka kujibu kwa neno moja: hapana. Tangu mitaala iliyoboreshwa ianze kutumika Tanzania Januari 2024 kwa Darasa la Awali, la I na la III, msaada nilioushuhudia mara nyingi ni sahihi na muhuri kwenye andalio la somo, pamoja na kikao cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) kinachoishia kwenye matangazo.

Lakini nakumbuka kipindi kimoja cha Hisabati, Darasa la III, mada ikiwa vipimo vya ujazo. Nilikuwa na wanafunzi 94, ndoo 2 na chupa za nusu lita walizotoka nazo nyumbani, nami nilitaka wagundue wenyewe kwamba chupa 2 ndizo lita 1. Haikupita robo saa maji yakawa yametapakaa sakafuni, walio nyuma wamepanda juu ya madawati, na kelele zinafika ofisini. Mwalimu mkuu akaingia. Nilisimama nikingoja kukaripiwa mbele ya watoto, kwa kuwa katika shule niliyotoka yalishanikuta. Yeye akapita kimya hadi dawati la nyuma, akaketi karibu na mtoto ambaye hakuwa amegusa chupa hata moja, akamwuliza, "Unadhani zitaingia ngapi kwenye hiyo ndoo?" Mtoto akasema tano. "Haya, tujaribu." Kisha akaniambia taratibu, "Mwalimu, nipe nusu yao," akatoka na watoto 47 na ndoo moja hadi chini ya mwembe. Jioni tulipokaa, hakulifungua andalio langu. Tulimzungumzia yule mtoto, na jinsi ya kumpa kila mmoja kazi katika kundi, huyu apime, yule aandike.

Ninapoyaandika haya naona nimewahukumu walimu wakuu mapema. Mwalimu mkuu huyo huyo anajaza takwimu za halmashauri, anasimamia mafundi wa madarasa na kufuatilia michango ya chakula, na semina ya mtaala aliipata ya siku chache kama sisi. Basi jibu langu sasa ni ndiyo, wapo wanaosaidia, na msaada wenyewe ni kuingia darasani. Nalisema kwa tahadhari, kwa sababu wiki iliyofuata aliitwa kwa Afisa Elimu Kata, nami, nikiwa na watoto wote 94, nilirudi ubaoni nikawachorea chupa.