Mwanangu, kuhusu hiyo namba kumi

Mwanangu,

Barua yako tumeipata. Mama yako anauliza kama goti bado unalikanda. Nawe umeuliza: kocha wako wa raga anataka kukutoa flanka, pale ubavuni mwa skramu, akuchezeshe namba kumi, yule anayeongoza mashambulizi, je, ukubali? Nitafika huko. Kwanza nikurudishe kwa Cherry Pillman, yule flanka wa zamani wa England, na usicheke, najua jina hilo mmelisikia mezani tangu mkiwa wadogo.

Pillman wa klabu ya Blackheath aliichezea England kwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1910, siku uwanja wa Twickenham ulipopokea mechi yake ya kwanza ya kimataifa. Wales walilala 11-6. Enzi hizo fowadi, mchezaji wa mbele, hakuwa na kazi yake maalumu. Skramu, fowadi wanane wanaoshikana kusukumana na wapinzani wakigombea mpira, ilifungwa watatu mbele, wawili katikati, watatu nyuma, na mara nyingi aliyefika kwanza ndiye aliyeinama mbele. Pillman yeye alikaa pembeni ya safu ya nyuma, bega linasukuma, macho hayabanduki kwenye mpira. Mpira ukimfikia hafu wao, yule anayeutoa skramuni, Pillman keshachomoka, anamwendea yule tunayemwita leo namba kumi, upande wa bega la ndani, ili jamaa asibakiwe na njia ila kukimbilia nje kwenye mikono ya wenzake. Ndiyo maana nasema kila siku: flanka hachezi mpira, anacheza mtu.

Babu yako alibisha mpaka mwisho. Kwake fowadi asiyesukuma ni mwizi wa jasho la wenzake. Wala hakukosea kote. Ukichomoka mapema, skramu inabaki na watu saba na inarudishwa nyuma. Ukiutangulia mpira, filimbi. Ukimrukia hafu kwa pupa, atajifanya anatoa pasi, nawe utapita kama basi lililokatika breki.

Sasa twende Port Elizabeth, tarehe 27 Agosti 1910. Timu ya Visiwa vya Uingereza, iliyokuwa ziarani, ilishapoteza mechi ya kwanza kwa Afrika Kusini 14-10, Pillman akiwa nje. Ya pili wakampanga yeye, fowadi mtupu, acheze fly-hafu, ndiyo hiyo namba kumi yako! Trai mbili, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, mkono wake umo katika zote, na moja akaiongezea kwa mguu: 8-3. Trai ilikuwa pointi 3 tu, na mkwaju wa nyongeza baada yake 2. Billy Millar, aliyeichezea Afrika Kusini siku hiyo, alikiri baadaye kwamba kama kuna mtu aliyewahi kushinda mechi ya kimataifa peke yake, basi ni huyo.

Hapo ndipo msemo wangu unapochechemea. Ikiwa flanka anacheza mtu, siku ile alimcheza nani? Nadhani alimcheza flanka mwenzake: alijua atakuja kwa pembe gani, maana mwenyewe ndivyo alivyokuwa akija. Au najitetea tu. Mechi moja haitoshi kuwa ushahidi, na ya tatu, kule Cape Town, walitandikwa 21-5.

Kinachoniuma ni uwanja wa Inverleith, Edinburgh, tarehe 21 Machi 1914. England waliwashinda Scotland 16-15, naye Pillman akavunjika mguu. Mechi 18 za England, basi. Aprili 13 huko Colombes, karibu na Paris, jezi yake akaivaa mdogo wake Robert, England wakawafunga Ufaransa 39-13. Hiyo ndiyo mechi pekee ya kimataifa aliyoicheza Robert. Julai 1916 aliuawa vitani karibu na Armentières. Cherry alirudi salama, akaishi hadi 1955. Ndugu wawili, jezi moja. Nawe unajua kwa nini sipendi kulisema hilo mbele ya baba yako mdogo.

Haya, namba kumi. Sikuamulii, kocha anakuona kila siku, mimi sikuoni. Ingawa ukiniuliza kwa nguvu… hapana, sisemi. Ila ukisimama pale Jumamosi, skramu ikifungwa, usitazame mpira kwanza. Mtazame flanka wao. Mkono wake ukilegea mgongoni kwa mwenzake kabla mpira haujatoka, anakujia. Rudi hatua moja nyuma, na ukipiga, pigia mguu ulio mbali naye.

Baba yako