Kufifisha nyuma ya picha kwa GIMP

Ndugu, kwa hiyo picha ya dadako pale taksi paki Kampala, ambayo taksi za nyuma zinaonekana kumzidi yeye, GIMP, programu ya kuhariri picha, inatosha kabisa, ni ya bure. Fungua picha, nakili leya (tabaka la picha) ziwe mbili, halafu ukiwa kwenye ile ya juu nenda Filters, Blur, Gaussian Blur, anza na kipimo cha 15 hivi uone, picha ikiwa kubwa ongeza. Sasa yote imekuwa ukungu hata dada mwenyewe, usiogope, weka maski nyeupe (kifuniko cha leya, nyeusi inaficha, nyeupe inaonyesha) kwenye hiyo leya ya juu, chukua brashi laini rangi nyeusi, mpake dada polepole, yule wa leya ya chini atatokea safi. Ukikosea ukatoka nje ya mstari paka nyeupe inarudi.

Shida iko kwenye nywele na nguo. Mimi picha ya kwanza nilimpiga binamu yangu na gomesi (lile gauni la Uganda) nyekundu, nikafifisha, akatoka na ukungu mwekundu umemzunguka kama taa, tulicheka wee. Ni kwa sababu rangi yake inasambaa nje wakati wa kufifisha, so kabla hujaweka hiyo blur mfute kwanza kwenye leya ya juu kwa Clone, zana ya kunakili sehemu ya nyuma na kuipaka juu yake, hata vibaya tu, haitaonekana.

Na chini ya miguu acha lami iwe safi kidogo ifife taratibu kwenda nyuma, la sivyo ataonekana anaelea.