Mkazo wa maneno ya Kiingereza: tazama mkia wa neno kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini sarufi yako ya Kiingereza iko safi, lakini ukitaja photography, ability au development mwenye lugha yake anakukodolea macho. Ukauliza pia kama kuna kanuni yoyote ya mkazo neno linapoongezewa viambishi. Ipo, ingawa ina matundu. Mimi si mwalimu. Natembeza wageni Unguja, huu ni mwaka wa 11, na kabla ya hapo nilikuwa mhudumu wa mkahawa hotelini. Nakujibu kwa yaliyonipata. Nikiandika herufi kubwa katikati ya neno, ujue hapo ndipo penye mkazo.

Wiki yangu ya kwanza hotelini nilipewa meza ya Waingereza wawili, mume na mke, watu wazima. Nimeshapeleka samaki, nikawauliza kama wangependa na vejiTEbo. Yule mama akatabasamu: ahsante, meza tunayo. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, si unajua tena, mtu asipokuelewa unadhani hasikii. VejiTEbo! Mzee akainuka, akaanza kukusanya miwani na kofia yake. Alidhani tunawahamisha meza. Ikabidi nikimbilie jikoni nirudi na bakuli la karoti na maharage machanga, niliweke mbele yao bila neno. "Aaah, VEJtabo!" wakasema kwa pamoja.

Silabi zote nilizitamka, tena kwa ufasaha kuliko wao. Kilichoniponza ni kwamba niliweka mkazo pale Kiswahili kinapoutaka, silabi ya pili kutoka mwisho, na masikio yao yakadaka "table" tu. Kwao vegetable, yaani mboga, uzito wote uko VEG, yaliyobaki yanamezwa.

Sasa turudi kwetu kidogo, maana ufunguo uko huku. Kanuni ya Kiswahili ni nyepesi: mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha vichache kama LAzima, na lile baRAbara la "sawasawa" ambalo si baraBAra ya magari. Ukiongeza kiambishi tamati, ndio huo mkia wa neno, mkazo unasogea wenyewe: NYUmba, nyumBAni, SOma, soMEsha, someSHAna. Ukipachika viambishi awali, hata viwe vinne, mkazo hautikisiki: SOma, ninaSOma, hawakutuSOma. Kwa hiyo habari ya mkazo kuhama kwa sababu ya mkia wa neno si ngeni kwako, unaifanya tangu utotoni bila kujua. Tofauti ni kwamba sisi tunahesabu silabi tu, mkia uwe wowote. Wenzetu wanaangalia ni mkia gani.

Ipo mikia inayotaka mkazo ukae mlangoni pake, yaani kwenye silabi iliyo mbele yake tu. Chukua -tion: EDucate, eduCAtion. Chukua -ic: eCOnomy, ecoNOmic. Hapa Mswahili hakosei, na wala si kwa ujanja wake. Mikia hii ina silabi moja, kwa hiyo mlango wake unaangukia palepale tulipozoea, silabi ya pili kutoka mwisho.

Balaa linaanza mkia ukiwa na silabi mbili. -ity ni mkia wa silabi mbili, na mlango wake ni silabi ya TATU kutoka mwisho. Sisi mazoea yanatuvuta tuseme abiLIti, aktiVIti, komyuNIti, yunivaSIti. Wao: aBIlity, acTIvity, comMUnity, uniVERsity. Umeona? Kosa ni lilelile kila mara, tumekanyaga ndani ya mkia badala ya kusimama mlangoni. Mimi siku nilipoliona hilo nilikaa kwenye daladala nikaanza kuyapitia maneno ya -ity yote niliyokuwa nayo kichwani, jirani yangu akahamia kiti kingine. Na -ity ni mkia mwaminifu, sijawahi kukutana nao ukivunja ahadi.

Ndugu zake ni -logy, -graphy na -ical. Shuleni tulisema bayoLOji na jioGRAfi miaka yote, mwalimu naye akisema hivyohivyo, mtihani tukafaulu. Kwao ni biOlogy na geOgraphy. Politics ukiuongezea -al, mkazo unaruka mpaka mlangoni: POlitics, poLItical. Na lile lako la photography ni phoTOgraphy. Ukoo wake mzima unachezacheza: PHOtograph ni picha, phoTOgrapher ni mpiga picha, photoGRAphic ni ya kipicha. Mzizi mmoja, mkazo umekaa mahali patatu.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu wengi hujifunza kuhamisha mkazo halafu bado hawaeleweki. Kiswahili hakidharau irabu. Yenye mkazo na isiyo na mkazo zote zinapata haki yake, a ni a, o ni o. Kiingereza kina ubaguzi. Mkazo ukiondoka kwenye silabi, irabu yake inafifia, inabaki kisauti kifupi cha mdomo uliolegea, ambacho kamusi hukiandika kwa herufi e iliyopinduliwa kichwa chini, ə. Ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika lugha yao. Angalia o mbili za photograph: ya kwanza inavutwa vizuri, "fou", ya pili imefifia. Ukienda phoTOgraphy zinabadilishana, ya kwanza inakufa na ya pili inafufuka. Kwa hiyo ukisema fo-TO-gra-fi huku umezipa silabi zote nne uzito wa Kiswahili, mkazo wako haujulikani uko wapi. Sema f'TOgr'fi. Utajiona unaongea kama umeweka andazi mdomoni. Vumilia.

Ipo pia mikia isiyojali. Inajibandika nyuma ya neno na mkazo unabaki pale ulipokuwa: -ness, -ful, -less, -ly, -er, -ing, -ship, -hood, -ment. Hii ndiyo migumu zaidi kwetu, kwa sababu sisi tukiona neno limerefuka mguu unasogea wenyewe. HAPpy ikawa HAPpiness, siyo hapPIness. MAnage ikawa MAnager, wakati sisi tunasema meNEja. DeVElop ikawa deVElopment, siyo developuMEnti. Hata ubandike miwili kwa mpigo hauhami: CARE, CAREless, CARElessness. Nyingi ya hizi ni mikia ya Kiingereza chenyewe, cha kabla Wanormani hawajavuka bahari kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066. Ile inayohamisha, -ity, -ic, -tion, ni ya Kifaransa, Kilatini na Kigiriki, ikaja na desturi zake. Lakini usiishike kama msahafu: -ment nayo ilitoka kwa Wafaransa, ila imejifunza tabia za wenyeji.

Na -able? COMfort, COMfortable, tena wengi wao wanaimeza mpaka inabaki silabi tatu, KAMFtabo. Mara nyingi haijali. Halafu ghafla adMIRE inakuwa ADmirable, comPARE inakuwa COMparable. Haya ni ya kukariri, hakuna dawa.

Mtego mwingine ni maneno tuliyokwisha kuyafanya yetu. Sinema, kampuni, ofisi, hospitali: kwetu ni siNEma, kamPUni, oFIsi, hospiTAli. Ukienda kuyasema Kiingereza unayabeba na mkazo wake wa Kiswahili, kumbe kule ni CInema, COMpany, OFfice, HOSpital. Mimi kampuni ilinisumbua kuliko hata photography, kwa sababu neno unalodhani unalijua hulikagui.

Mikia inayojichukulia mkazo wenyewe ni michache na haina shida: -eer, -ee, -ese. EngiNEER, volunTEER, refuGEE, JapaNESE. Kasoro comMITtee, ambayo kwa bahati inafanana na kaMAti yetu.

Viambishi awali umeuliza kwa mstari mmoja nami nitajibu kwa ufupi. Kama kwetu, kwa kawaida havihamishi kitu: HAPpy, unHAPpy, WRITE, reWRITE. Isipokuwa mambo mawili. La kwanza, yapo maneno ya asili ya Kilatini ambayo umbo moja ni nomino na ni kitenzi pia, na mkazo ndio unaoyatenganisha. Nomino inaubeba kwenye kiambishi, kitenzi kwenye mzizi: REcord na reCORD, EXport na exPORT, PERmit na perMIT. Mgeni akikuuliza kama unayo PERmit anataka karatasi.

La pili ni vile viambishi vya kukanusha vinavyoiba mkazo katika maneno machache: FAmous lakini INfamous, POtent lakini IMpotent. Hilo la mwisho lina kisa. Nilipoanza kujirekebisha nilishikwa na pupa, nikawa napeleka mkazo mwanzo wa kila neno, maana niliona vegetable, manager na company zote ziko hivyo. Siku moja nimesimamisha kundi la watu kumi na mbili mbele ya mlango wa nakshi, Mji Mkongwe, nawaelezea misumari ya shaba na maua yaliyochongwa kwenye fremu, nikamalizia kwamba mlango huu ni very IMportant. Kijana mmoja akageuka akauma midomo. Mwenzake akaniuliza, kwa heshima zote, mlango umepatwa na nini. Important ina mkazo katikati, imPORtant, ambako ndiko Mswahili angeuweka kama asingejitia ujuzi. Ukiupeleka mbele umesema mlango hauna nguvu za kiume.

Matundu niliyokuambia ni haya. Kwa -ic kuna waasi: Arabic ni ARabic, Catholic ni CAtholic, na hiyo politics hapo juu umeona ni POlitics. Kwa -sion, pacha wa -tion, yupo television, ambaye mkazo wake mkuu wengi wao wanauweka mwanzo kabisa, TElevision. Na advertisement wenyewe kwa wenyewe hawajakubaliana: Mwingereza adVERtisement, Mmarekani wengi utamsikia adverTISEment. Hapo chagua mmoja uende naye.

Nilivyofanya mazoezi: daftari la kurasa 64, ukurasa mmoja kwa ukoo mmoja wa maneno. Juu naandika mzizi, chini watoto wake, na kila mmoja namwekea alama ile ya kamusi, kijistari cha wima juu, kabla ya silabi yenye mkazo. Wengi hudhani kile kijistari kinaonyesha silabi iliyotangulia, kumbe kinaelekeza ile inayofuata. Halafu najirekodi kwa simu nikisema ukoo mzima kwa pumzi moja, nikigonga meza kwenye mkazo tu: PHOtograph, phoTOgraphy, photoGRAphic. Kama mkono unagonga lakini masikio hayasikii tofauti, ujue bado unazipa irabu nyingine haki zake za Kiswahili. Kanuni peke yake bila kujisikiliza haikunisaidia kitu kwa karibu mwaka mzima.

Kuna mdau kwenye mjadala huu amesema tuache kuiga wazungu, lafudhi ndiyo utambulisho. Nakubaliana naye nusu. R yangu ni ya Unguja na itabaki hivyo, hakuna mgeni aliyewahi kushindwa kunielewa kwa ajili ya r. Lakini mkazo ndio wanaoutumia kulitambua neno, na ukiuhamisha wanasikia neno jingine, kama sisi tu mtu akituambia kazi imefanyika baraBAra. Tukiwa wenyewe kwa wenyewe, hiyo ni habari nyingine. Mpishi wetu, mtu wa Pemba, amenisikia nikisema VEJtabo mbele ya wageni na kila nikiingia jikoni ananiuliza kama leo tunapika mboga au tunapika hiyo nyingine.