Muulize Fundi: Bluetooth ya sikioni inapiga simu yenyewe

SWALI: Mwanangu fundi, salaam nyingi kutoka Tandahimba. Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi. Msimu wa korosho ukianza sina mkono wa ziada: huku nasoma mizani, huku naandika daftarini, huku dereva wa lori anapiga, katibu anapiga, mkulima anauliza kama magunia yake yameshaingia ghalani. Simu nilikuwa naibana kwa bega mpaka shingo inakaza. Mwanangu aliyeko Dar akaninunulia Bluetooth ya sikioni, ile ya sikio moja yenye kitufe kimoja. Aliijaribu kwanza kwa simu yake, akanitumia kwa basi. Ilipofika, simu yangu haikuiona kabisa, mpaka kijana mmoja wa dukani akaiunga, sijui alifanyaje. Sasa naivaa sikio la kulia, simu naifunga kibindoni upande wa kushoto, lakini watu wanalalamika sauti yangu inakatikakatika. Na kubwa zaidi, inapiga simu yenyewe. Mchana nikivuta tu ushungi nikae sawa, nasikia mtu sikioni, "Haloo? Haloo?", na sijampigia. Juzi nilipitiwa na usingizi nikiwa nimeivaa, ikampigia mwenyekiti wa chama saa tano usiku, akapokea mkewe. Nimeona haya, mwanangu. Je, ni mbovu, niirudishe?
Mama Karani, Tandahimba

JIBU: Shikamoo, mama. Usiirudishe, ni nzima. Jibu umeshaliandika mwenyewe pale uliposema, "nikivuta ushungi".

Kitufe ni kimoja, ila kina kazi nyingi, na kinazitofautisha kwa idadi na muda wa kubonyeza. Simu ikiita, bonyeza mara moja, umepokea. Ukimaliza, mara moja tena, umekata. Kama hutaki kupokea, kishikilie kama sekunde mbili, simu imekataliwa. Na wakati hakuna mazungumzo, ukikibonyeza mara mbili harakaharaka, kwa hedseti nyingi za sikioni kama hiyo yako, hiyo ni amri: mpigie yule uliyempigia mwisho. Bila shaka jioni ile mtu wa mwisho kumpigia alikuwa mwenyekiti. Ukalala ubavu, mto ukakibonyeza mara mbili, mkewe akaamshwa.

Barua yako ilinikaa kichwani, nikaenda nayo nyumbani. Nilimwomba mke wangu ajifunge ushungi kama anavyojifunga kila siku, nikamvalisha hedseti ya sikio moja niliyokuwa nimeitengeneza. Akakaa kimya, hakikutokea kitu. Akageuza shingo kushoto kumtazama mtoto, kitambaa kikakaza sikioni, tii, kikalegea, kikakaza tena, tii. Simu yake iliyokuwa mezani ikaanza kumpigia mama yake Newala. Tulirudia mara kadhaa na tukagundua jambo moja: upande ambao ncha ya ushungi inavutwa na kutupwa begani ndio unaobonyeza. Alipoihamishia hedseti sikio la pili, lile ambalo kitambaa kinashuka tu bila kuvutwa, aligeuka atakavyo na hakikubonyezeka kitu. Kwa hiyo mama, angalia unatupia ncha bega gani, kisha uvae sikio la upande mwingine. Pini iweke chini ya kidevu, mbali na sikio, na uache kitambaa kilegee kidogo hapo.

Usiku izime. Shikilia kitufe mpaka taa nyekundu iwake na kuzimika, uivue, uiweke mezani. Na mwenyekiti mweleze tu kilichotokea. Ni jambo linalompata mtu yeyote.

Sasa hiyo sauti ya kukatikakatika. Bluetooth inatumia mawimbi ya gigahertz 2.4, na maji huyanyonya mawimbi hayo. Mwili wa mtu zaidi ya nusu ni maji. Hedseti yako iko sikio la kulia na simu iko kibindo cha kushoto, kwa hiyo mawimbi yanapita kwenye tumbo na kifua chako, wakati nguvu yake ni ndogo sana, kwa kawaida kama milliwatt 2.5. Zile mita 10 zinazoandikwa kwenye boksi ni za mahali peupe. Hamisha kibindo kiwe upande mmoja na sikio ulilochagua, au ukiwa umeketi weka simu juu ya meza ya mizani mbele yako. Kisha itazame hedseti kwenye mwanga: kwenye ncha inayoelekea mdomoni kuna tundu dogo kama la sindano. Hiyo ndiyo maikrofoni. Ushungi ukiifunika, sauti inazibwa, na kule juu kwenu upepo ukiipiga moja kwa moja inavuma. Tundu liwe wazi, nawe upe upepo kisogo unapoongea.

Nakuandikia na namna ya kuiunga, ili siku nyingine usimtegemee kijana wa dukani. Mwanao aliijaribu kwa simu yake, kwa hiyo ulipoiwasha kawaida ilikuwa inaitafuta simu ile ya Dar, na haikujitokeza kwa simu mpya. Izime kabisa kwanza. Halafu shikilia kitufe, usikiachie hata taa ikiwaka, hesabu taratibu mpaka saba. Taa za bluu na nyekundu zikianza kupokezana, achia. Sasa iko tayari. Kwenye simu ingia Mipangilio, washa Bluetooth, jina lake litatokea, liguse. Zile za zamani zikidai namba, andika 0000. Kama muziki unasikika na simu hazisikiki, gusa alama iliyo kando ya jina lake uhakikishe sehemu ya simu imewashwa, maana simu na muziki vinapita njia mbili tofauti. Na mwanao akija Idi na Bluetooth ya simu yake ikiwa wazi, usishangae hedseti ikamwendea yeye. Mwambie aifute kwenye simu yake.

Msimu ukiisha, mama, usiitupe kabatini ikiwa imekauka chaji mpaka Oktoba. Betri hizi za lithiamu zikikaa tupu miezi mingi hazirudi. Iache na chaji ya nusu, na kila baada ya miezi miwili uichaji kidogo.

SWALI: Fundi, mimi napuliza salfa kwenye mikorosho huku Nanyamba. Hedseti yangu imegoma kuchaji, taa haiwaki kabisa. Chaja ni nzima, inachaji simu. Je, betri imekufa?
Kijana wa Bomba

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya kulaumu betri, angalia zile pini mbili ndogo za shaba zinazogusana na kikasha chake. Ya mteja mmoja kutoka mashambani niliipokea mwezi wa saba, zimekuwa nyeusi kama masizi, na pembeni kuna unga wa njano. Salfa ikikutana na shaba na unyevu wa alfajiri, inaifanya nyeusi, na weusi ule unazuia umeme usipite vizuri. Usikwangue kwa kisu. Sugua taratibu kwa kifutio cha penseli mpaka shaba ing'ae, ondoa unga kwa mswaki mkavu, kisha futa kwa pamba yenye spiriti kidogo na uache ikauke kabla ya kuchaji. Usipulize kwa mdomo, unapeleka mate ndani. Ile ya mteja iliwaka taa hapohapo mkononi mwangu.

Lakini nakuomba, usiivae ukiwa na bomba mgongoni. Injini inakulazimisha uongeze sauti mpaka mwisho, na sikio linaloumizwa na kelele halina fundi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, na ikipanda muda huo unapungua haraka. Iache nyumbani, simu utazipokea ukimaliza mistari yako.

SWALI: Naendesha bodaboda Lindi. Naweza kuongea na abiria wangu wanaonipigia kwa Bluetooth ndani ya helmeti nikiwa njiani?
Dereva, Lindi

JIBU: Mikono itakuwa huru, ni kweli, lakini akili itakuwa kwa anayekupigia, na lori la nyuma yako litapiga honi usilisikie. Mimi nasema usifanye. Ipokee kwa mguso mmoja, mwambie, "Nakupigia", ukate. Ukifika Mnazi Mmoja egesha pembeni, vua helmeti, umpigie kwa kugusa jina lake kwenye simu. Usitegemee kubonyeza mara mbili, kwa sababu wa mwisho kukupigia na wa mwisho uliyempigia wanaweza kuwa watu wawili, na kitufe kinamjua huyo wa pili.