Uandishi wa Habari za Fedha Unaanzia Kwenye Daftari la Mkopaji

Vijana wanaotaka kuandika habari za fedha binafsi huniuliza waanze kusoma nini. Uhasibu unasaidia, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018 ni lazima uisome, kwa kuwa ndiyo inayowagusa wakopeshaji, SACCOS (vyama vya ushirika wa akiba na mikopo) na vikundi vya kijamii ambavyo wasomaji wetu wengi hukopa humo. Hata hivyo, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiusifie mkopo wowote kabla hujaupigia hesabu mwenyewe, ukiwa umeketi na mtu anayeulipa.

Nililijua hilo baada ya kukosea. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, hapa Mwanza, niliandika makala ya kuwasifia wakopeshaji fulani, na riba yao ya asilimia 20 niliinakili kama ilivyokuwa katika taarifa waliyonipa. Wiki chache baadaye, mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, aliyekopa kwa kuyaamini maneno yangu, alinifungulia daftari lake juu ya gunia. Alikopa shilingi 500,000, akatakiwa kurejesha 20,000 kila siku kwa siku 30, yaani 600,000. Kwa haraka haraka hiyo ni asilimia 20 kweli. Lakini kwa kuwa deni lilipungua kila siku, kwa wastani alibaki na takriban nusu tu ya fedha zile, hivyo gharama halisi kwa mwezi ilikaribia asilimia 40, bila kuhesabu 15,000 ya fomu iliyokatwa kabla hajakabidhiwa chochote.

Kilichoniumiza zaidi ni kurasa ambazo upande wa mauzo ulikuwa mtupu huku upande wa marejesho umejaa. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, ilikuwa mbalamwezi." Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi mingi hubaki ufukweni, kwa hiyo mwenye biashara ile ana siku kadhaa za kila mwezi zisizo na mzigo. Rejesho la kila siku halikulijua jambo hilo, wala mimi niliyezaliwa kando ya ziwa sikulifikiria, ingawa nilikuwa nimeandika kwamba mtu mwenye nidhamu hashindwi kulipa.

Nilimwomba mhariri achapishe masahihisho, nami nikayapeleka Mwaloni kwa mkono wangu. Tangu hapo namuuliza kila mkopeshaji kiasi anachokabidhiwa mkopaji baada ya makato, jumla anayorejesha, na hatua inayofuata asipolipa siku moja. Nakushauri pia usipokee bahasha wala nauli kutoka kwa taasisi unayoiandika, hata kama wenzako wanapokea, kwa sababu msomaji anaweka mtaji wake wote juu ya neno lako.

Kitabu changu cha fedha binafsi kilikuja baadaye sana, nacho kilitokana na maswali ya wasomaji niliyoyahifadhi kwa miaka. Mifano mingi ya bajeti niliyosoma ilianza na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mfano wangu unaanza na jedwali la siku za giza na siku za mbalamwezi, nalo nililichora pamoja na yule mama, tukitumia kurasa zilezile za daftari lake.